Wakoli na Mwisho wa Merikebu

Ukisikia mtu wa Shauri Moyo akisema Wakoli alikuwa mtu mwema aliyeonewa, muulize kama aliwahi kuketi kwenye zulia la Mama Shirleen siku ya Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mimi niliketi. Nilikuwa na mahali pangu chini ya dirisha, na niliyasikia yote. Kuonewa alionewa, sikatai. Lakini wema hapana.

Alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, mwenye mdomo usiojua kupumzika. Alisoma mpaka kidato cha nne, akaja Nairobi, akapata kazi ya kuhudumia meza katika hoteli moja ya watalii mjini. Huko ndiko alikojifunza Kiingereza cha puani, kile ambacho sisi wengine tukikisikia tunadhani mtu anatafuna. Hoteli ilipopunguza watu alihamia soko la Gikomba, akaweka kibanda cha kuchaji betri za magari. Mwaka wa tisini na moja betri moja ikamlipukia usoni, na alipotoka hospitali hakuwa na macho tena.

Mkewe, Nabalayo, alikuwa nyumbani Bungoma na watoto. Alimwita arudi. Wakoli alikataa katakata. Alisema kijijini kipofu ni wa kuanikwa asubuhi na kuanuliwa jioni kama mahindi. Akabaki kwenye chumba chake kimoja katika laini yetu, safu ya nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, akikatia fundi mmoja wa Kariokor kamba za viatu vya tairi, nasi majirani tukimjazia maji mtungi wake. Kulikuwa na sababu nyingine ya kubaki, ambayo hakuisema ila wote tuliijua. Kijijini kwao hakukuwa na televisheni.

Laini yetu nayo ilikuwa na moja tu. Ilikuwa ya Mama Shirleen, ambaye jina lake hasa ni Jecinta, mke wa Gachanja mwenye bucha pale Soko la Burma. Ilikuwa ndogo, nyeusi na nyeupe, na juu yake kitambaa cha kufuma kilichofuliwa kila Ijumaa. Hukuingia kwa Mama Shirleen mikono mitupu. Viatu uliacha mlangoni, na maji ulikuja nayo, hata kama ni kopo moja, ukayamimina kwenye pipa lake. Asiyeleta maji alitazamia dirishani, akiwa amesimama. Huo ndio uliokuwa utaratibu na hakuna aliyenung'unika.

Siku hizo kituo cha taifa kilituonyesha michezo ya mfululizo iliyozeeka, ambayo huko ilikotengenezwa nadhani walishaisahau. Ilikuwapo ya mwanamke aliyeweza kupita ukutani kama moshi. Ilikuwapo ya mfalme wa milimani na upanga wake uliolia kabla ya vita. Lakini iliyowatoa watu Gikomba mapema ilikuwa moja tu. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu mno, kwa hiyo sisi tuliiita Merikebu.

Ilihusu watu waliokimbia dunia baada ya mito kukauka. Walipanda chombo cha chuma na nahodha wao mwenye nywele nyeupe, wakawa wanazunguka huko juu wakitafuta mahali penye maji ya kunyweka. Kila wiki walifika kwenye nyota mpya. Kila wiki maji yalikuwa machungu, au yanalindwa na kiumbe mwenye vinywa viwili, au ni ya malkia asiyetaka kugawa. Nyota zenyewe zilikuwa za karatasi, na ukikaza macho uliona uzi ulioshikilia chombo. Hatukujali. Kwetu mfereji wa bomba ulikuwa ukikauka siku tatu kwa wiki, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini watu wazima wanaweza kuuana kwa ajili ya maji.

Wakoli alikuwa ameiona mwanzo wake kwa macho yake mwenyewe, kabla ya ile betri. Aliwahi kuniambia kwamba sura ya Nabalayo ilikuwa inaanza kumpotea, lakini ya yule nahodha alikuwa nayo yote, mpaka mikunjo ya shingo. Aliniambia akicheka. Hakuwa na dogo wala kubwa maishani isipokuwa hilo: kujua kama wale watu watafika.

Shida yetu ilikuwa lugha. Tulikuwa na macho lakini Kiingereza kile kilitupita juu ya vichwa. Wakoli alikuwa na masikio lakini haoni. Basi Mama Shirleen akampa kiti cha sofa, karibu kabisa na televisheni, na kazi ikagawanywa. Wakoli alitwambia wanasema nini, na Annah, aliyeketi kando yake, alimwambia wanafanya nini.

Huyu Annah alikuwa mtu wa Embu, mwenye sauti ya chini, akipika githeri, ile ya mahindi na maharagwe, na kuiuza karibu na lango la Soko la Burma. Kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Mama Javan, mwenye nyumba ni Mama Shirleen. Annah alikuwa kwenye ndoa mwaka wa kumi na bado aliitwa Annah. Alikuwa na jicho. Alimwonyesha Wakoli vitu ambavyo sisi wenye macho hatukuviona. "Sasa wamefika penye mawe," alikuwa akimnong'oneza, "mawe makubwa, ya rangi ya samawati kidogo. Nahodha ameweka mkono nyuma, ule mkono anaouficha akiogopa." Rangi ya samawati kwenye televisheni ya nyeusi na nyeupe! Lakini ukigeuka kutazama, wallahi, mawe yalikuwa samawati.

Wangeishi hivyo, mmoja akimkopesha mwenziwe alichokosa, kama Wakoli angeridhika na kutafsiri. Hakuridhika. Kwanza alianza kutia chumvi kidogo ili watu wacheke. Kisha akagundua kwamba hakuna hata mmoja wetu anayeweza kumpinga.

Jumamosi moja nahodha alikuwa anamfokea mtu wa usukani. Wakoli akakohoa, akatafsiri: "Anasema, mtu wa kuletwa nyumbani na mkokoteni kama gunia la viazi hawezi kushika usukani wa merikebu hii." Na Kimani, jirani yetu wa nyumba ya mwisho, alikuwa ameletwa na mkokoteni juzi yake, amelewa chakari, kiatu kimoja hakipo. Nyumba ilivunjika mbavu. Kimani mwenyewe alicheka, lakini shingo yake ilivimba.

Ikawa ndiyo desturi. Roboti mzee wa jikoni alisema suruali za mitumba za Gikomba zikifuliwa mara moja zinabaki nyuzi. Hapo alikuwa ananisema mimi, maana ndiyo biashara yangu. Kiumbe wa vinywa viwili alisema kuna wachinjaji wanaoweka kidole kwenye mizani. Gachanja akakaza meno. Kila mmoja wetu alicheka alipochomwa mwenzake, na tulijua zamu yetu iko njiani, na bado tulikuja na maji yetu kila Jumamosi. Wakoli alinenepa kwa vicheko vile. Alijua kila kitu cha laini nzima, kwa sababu watu hudhani asiyeona hasikii pia, wakamwaga siri zao mbele yake kama watu wanaomwaga maji machafu.

Annah hakumwaga. Annah alimwambia mwenyewe, kwa hiari. Alikuwa akimshika mkono kumrudisha chumbani kwake kila baada ya Merikebu, na jioni moja katika mwendo ule mfupi akamfungulia moyo. Daktari alikuwa amemwambia hatazaa. Mumewe hakujua. Kila mwezi alimwambia mume wangoje kidogo, Mungu hachelewi. Hakuwa na mama hapa Nairobi, hakuwa na dada. Nadhani aliona kwamba mtu anayemwonyesha dunia kwa maneno atayashika maneno yake vizuri.

Zilipita kama wiki tatu. Vicheko vilikuwa vimepungua, maana watu wamezoea, na Wakoli aliipenda ile nyumba ikiwa inatetemeka. Siku hiyo malkia wa mchanga alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anamsemesha mtumishi wake wa kike aliyepiga magoti. Alisema maneno machache tu ya upole, nilimwona. Wakoli akayarefusha.

"Malkia anasema, 'Usijifanye mtakatifu mbele yangu, mimi naijua siri yako. Daktari alikwambia tumbo limefungwa, na kila mwezi unamwambia mzee wako angoje kidogo, Mungu hachelewi.'"

Watu walianza kucheka kabla ya kufikiri. Kisha kikombe cha chai kikamponyoka Annah, chai ikamwagika kwenye zulia, na kicheko kikafa kimoja kimoja. Mumewe alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliinuka, akatafuta viatu vyake kwenye rundo la viatu, akavikosa, akatoka pekupeku.

"Nini? Kumetokea nini?" Wakoli akauliza, akigeuza kichwa huku na huku.

Mama Shirleen alichukua kitambaa akapangusa chai. Kabla mwezi haujaisha yule mume alikuwa amehamia Umoja kwa mwanamke mwingine, na huyo alizaa mapema, kana kwamba naye alitaka kuchomeka kisu.

Unaweza kuuliza kwa nini hatukumfukuza Wakoli. Nani angetafsiri? Ndivyo tulivyo, wacha nikueleze ukweli. Tulimhitaji, basi tukamwacha kwenye sofa. Alijaribu kuomba radhi kwa namna yake, alimpelekea Annah jozi ya viatu vya tairi vilivyokatwa vizuri sana. Annah alivipokea, akavivaa, na hakumsemesha tena. Jumamosi aliketi pale pale kando yake, amefumba mdomo. Mama Shirleen alimwambia Kimani awe macho ya Wakoli badala yake, na Kimani alikuwa akisema, "Wanatembea. Bado wanatembea. Sasa wamesimama," mpaka Wakoli akawa anajipiga goti kwa hasira.

Mwaka wa tisini na tatu, mwezi wa kumi, ikatangazwa kwamba Merikebu inafika mwisho. Wakoli alizungumza jambo hilo wiki nzima. Alinyoa ndevu. Alivaa koti lake la hotelini. Siku yenyewe nyumba ilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya pipa, na Annah alikuja mapema akaketi kando yake, na alipomsikia ameketi, Wakoli alitabasamu. Alidhani amesamehewa.

Alitafsiri siku hiyo kama mtu anayesoma Injili. Hakutia chumvi hata punje. Chombo kilikuwa kimeharibika, chakula kimekwisha, na nahodha aliwaita wote akawaambia mbele kuna nyota moja tu, ikiwa hapana maji hapo basi hapana tena pa kwenda. "Anasema, 'Shikaneni mikono,'" Wakoli akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka. Na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho. Baada ya hapo ulikuwa muziki tu, muziki na upepo, na picha.

Tuliiona sote. Wakoli alingoja sauti ya mtu, hakuna. Akamgeukia Annah.

"Wanafanya nini?"

Annah alikuwa anatazama televisheni.

"Annah. Wameshuka? Wameshuka ama bado?"

Tulimtazama Annah. Hatukuwa tumepanga kitu, nakuapia, hakuna aliyekonyeza mwenzake. Lakini alipofunga mdomo nasi tukafunga. Mama Shirleen alianza kulia, kisha mimi, na Gachanja mwenyewe, pamoja na ubucha wake wote, akapenga kamasi kwenye leso. Wakoli alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa sofa, ameshika kiwiko cha Annah, halafu akanyoosha mkono akagusa kioo cha televisheni, akakipapasa kwa kiganja kizima. "Jameni, si mniambie tu! Kimani! Wanafanya nini hao watu?" Kisha ukaja ule muziki wa majina ya waigizaji, na Mama Shirleen akazima.

Kesho yake kwenye mfereji Wakoli alimshika Kimani shati. Kimani akamwambia chombo kilishika moto angani wakaungua wote. Alimwambia kwa uso mkavu, hapo mbele ya foleni ya mitungi, na watu wakaelewa mchezo. Mama mmoja akasema hapana, walikufa kwa kunywa maji yenye sumu. Mwingine akasema nahodha aliwauza kwa malkia wa mchanga. Mimi nilimwambia waligeuka ndege, wote pamoja na roboti, na ningemwambia tena leo. Watoto walikuwa wabaya zaidi. Walimfuata njiani wakimtungia mwisho mpya kila kona.

Mwanzoni alicheka nasi. Mwongo anamjua mwongo, alisema, endeleeni. Baadaye akawa anatukana. Mwisho akawa anaomba, na hapo ndipo ilipokuwa vibaya kumtazama, kwa sababu alikuwa amezoea kuwa na ulimi kuliko sisi sote na sasa ulikuwa haumsaidii. Alikwenda Kariokor kuwauliza washonaji wa viatu, lakini hao Jumamosi jioni walikuwa kazini. Alimuuliza pasta wake, akaambiwa televisheni ni mdomo wa shetani na aombe asamehewe. Alimwendea Mama Shirleen, akapiga magoti mlangoni. Mama Shirleen ana roho nyepesi, angemwambia, ila Gachanja alikuwa amemkataza. Akamwambia kwamba Merikebu ilipokuwa inaisha yeye alikuwa jikoni anamimina chai. Nyumba zetu ni chumba kimoja na pazia. Wakoli aliinuka, akapangusa magoti, akamshukuru.

Aliacha kukata kamba. Fundi wa Kariokor akatafuta mtu mwingine. Mtungi wake watu waliujaza siku moja na kuusahau siku mbili, na Desemba kaka yake akaja kutoka Bungoma kumchukua. Alikuwa mkulima mnyamavu, aliyeogopa hata kuvuka barabara.

Siku ya kuondoka nilikuwa kwa Annah, nikisubiri githeri yangu. Niliwaona wakija polepole, kaka amebeba godoro lililokunjwa, Wakoli amevaa lile koti la hotelini. Alikuwa amemuuliza kila mtu wa laini isipokuwa mmoja. Nadhani alikuwa amemweka akiba.

"Annah," akasema, "mimi naenda."

"Nenda salama."

"Wewe hujaniambia uongo hata mara moja. Hawa wengine wote wameniambia, wewe bado. Niambie tu. Walifika?"

Annah alifunika sufuria. Alimtazama muda mrefu, uso wake ukiwa mtupu kabisa.

"Walifika," akasema. "Mlango ukafunguka, wakashuka. Kulikuwa na mto. Yule mzee akapiga magoti akaonja maji. Akawaita kwa mkono, na wao wakanywa. Ikaisha."

Ilikuwa kweli tupu. Hakupunguza, hakuongeza. Lakini aliisema kama mtu anayesoma bili ya maji, yeye aliyeweza kukufanya uone samawati kwenye kijivu.

Wakoli alingoja.

"Halafu?"

"Hakuna halafu."

"Wacha, Annah. Watu walikuwa wanalia. Nilimsikia Mama Shirleen. Nilimsikia Gachanja! Mtu mzima na akili yake hawezi kulia kwa sababu mtu kwenye televisheni amekunywa maji."

"Walilia."

"Hata wewe," akasema Wakoli. "Hata wewe, Annah."

Nilifungua mdomo nimwambie ni kweli, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimesema waligeuka ndege, na neno langu lilikuwa na uzito gani kwake? Nikaufunga. Annah aliyejua kumfanya asadiki hakuongeza kitu. Kaka mtu akamshika Wakoli mkono, akamwambia basi litawaacha.

Walipokuwa wamefika hatua chache hivi tulimsikia akimweleza ndugu yake, upesi upesi, kuhusu watu waliotafuta maji huko juu miaka mingi, na jinsi nyumba nzima ilivyolia mwishoni bila mtu kusema neno.

"Wewe unaonaje?" akamuuliza. "Walikuwa wanalilia nini?"

Kaka yake, ambaye hakuwahi kuona televisheni hata moja ikiwaka, alifikiri kidogo, akahamisha godoro bega la pili.

"Labda walikufa wote," akasema.

"Eeh," akasema Wakoli. "Hiyo sasa inaingia akilini. Walikufa."

Annah alimsikia kama nilivyomsikia mimi. Alichukua mwiko, akanipakulia githeri, akaniuliza kama nataka pilipili.